Kirikuu ya Mama Bariki

Winfrida hakuwahi kutaka kuendesha gari. Alichotaka ni kuuza dagaa, mumewe Pastory aendeshe, na jioni warudi nyumbani Rusimbi, mjini Kigoma, wote wawili wakinuka samaki, waoge, wale, walale. Kwa miaka mingi ndivyo walivyoishi. Sisi majirani tulilijua gari lao kwa mlio kabla hatujaliona: Suzuki Carry nyeupe, ile ndogo ya mizigo ambayo mji mzima unaiita kirikuu. Ilitoka Japani ikiwa imeshatumika, na mlangoni ilikuwa na maandishi ya huko ambayo hakuna aliyejua yanasema nini.

Aliyeipenda ni Pastory. Kabla ya kuinunua alikuwa akivuta mkokoteni kutoka bandarini kupanda kilima cha mjini, na nadhani mtu aliyevuta mzigo kwa kifua chake huithamini injini hata ikiwa ndogo namna gani. Historia ya kampuni ile aliisoma yote kwenye simu, na kila mteja aliyesimama kusubiri mzigo upakiwe aliisikia, atake asitake. Suzuki ilianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita katika mji wa Hamamatsu, wala haikuanza na magari, ilianza na mashine za kufumia nguo. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakafunga injini ndogo kwenye baiskeli, na huo ukawa mwanzo wa pikipiki zao. Carry ya kwanza ikatoka mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Akifika hapo Pastory hupiga bodi kwa kiganja na kusema gari hili ni rika la nchi. Winfrida alishaisikia habari hiyo mara nyingi hivi kwamba aliweza kusinzia katikati yake na kuzinduka kwenye uhuru.

Siku mambo yalipobadilika walikuwa kijijini Ilagala, asubuhi ya masika, wamemaliza kupakia magunia ya dagaa. Pastory alikuwa akifunga turubai, kamba ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena, akabaki anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Winfrida alipomwita, aligeuka na mdomo umevutwa upande mmoja, na sauti iliyomtoka haikuwa na neno ndani yake. Kisha mguu ukamwishia nguvu, akakaa kwenye tope.

Mganga wa zahanati alikuja mbio. Alisema ni kiharusi, na kwamba mgonjwa anatakiwa hospitali ya mkoa bila kuchelewa. Magari mengine yaliyokuja kuchukua dagaa yalishaondoka. Likapigiwa simu gari moja, dereva akajibu kwamba yuko mbali na barabara ni mbovu. Vijana wa bodaboda walikuwepo, lakini mtu asiyeweza kujishikilia hapandishwi pikipiki. Watu walisimama kuizunguka kirikuu ile, ufunguo upo, mafuta yapo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika usukani.

Alikuwepo mwanamke mmoja wa Kirundi, Nduwimana, aliyekulia kambi ya wakimbizi na baadaye akahamia Ilagala kuolewa. Alikuwa akiwauzia dagaa kila wiki. Yeye ndiye aliyemshika Winfrida bega.

"Umekaa ubavuni kwa huyu bwana miaka yote hiyo," alisema. "Hukuona anavyofanya?"

Winfrida akajibu kwamba aliona.

"Basi fanya hivyo hivyo. Mimi nitamshika huku nyuma."

Walimlaza Pastory juu ya magunia, Nduwimana akakaa na kichwa cha mgonjwa mapajani, turubai wakaliacha wazi. Winfrida akapanda upande ambao hakuwahi kuukalia. Gari lilimzimikia mara mbili, watu wakalisukuma, na lilipoondoka liliruka kama mbuzi, nyuma Nduwimana akawa anaita, "Genda buhoro, mama, buhoro," yaani nenda taratibu. Gia ya kwanza aliipata. Ya pili aliipata pia. Ya tatu aliiogopa, kwa sababu aliwahi kumwona Pastory akiikosa, gia zikasaga meno, kwa hiyo njia nzima alikwenda na ya pili, milima, madaraja na madimbwi, injini ikilia kwa uchungu. Kwenye gari lile injini iko chini ya viti. Joto lake lilimpanda mapajani, likaingia mgongoni, na alipopita kijiji cha Simbo alikuwa amelowa kana kwamba ametoka ziwani. Alituambia baadaye kwamba hakuomba wala hakulia njiani. Alikuwa akiitazama miguu ya Pastory, ile aliyoikumbuka, jinsi unavyoinuka mmoja mwingine ukishuka.

Mwanzo wa mji askari wa barabarani alimsimamisha. Winfrida alikanyaga breki bila klachi, gari likazimika palepale. Alimwambia askari kwamba hana leseni, hajui kuendesha, na mume wake yuko nyuma. Yule askari alichungulia nyuma, akazunguka, akafungua mlango, akamwomba asogee. Winfrida hakuweza kusogea. Mguu wake ulikuwa umekaza kwenye breki, ikabidi askari auinue kwa mikono yake miwili, polepole, kama unavyoinua mguu wa mgonjwa. Kisha akaendesha yeye hadi hospitali. Winfrida alikaa kiti cha pembeni, kiti chake cha siku zote.

Pastory alipona kwa namna ya kupona kwa watu wa ugonjwa ule. Mkono wa kulia ulibaki umekunjika, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakawa yanatoka moja moja, kila moja likisubiriwa. Mtoto wao Bariki, mtu mzima mwenye familia yake Dar es Salaam, alishauri waajiri dereva. Walijaribu, dereva wa kwanza akaacha, wa pili akagonga mti. Winfrida akajiandikisha chuo cha udereva, akakaa darasani na vijana waliomwita mama, akapata leseni.

Hivyo ndivyo Mama Bariki alivyogeuka kuwa dereva wa kirikuu, na kwa muda mji ulimshangilia. Kule Mwanga, kwenye soko la mjini, wanawake walimpungia mikono. Lakini kushangiliwa hakupakii magunia. Alfajiri kuchukua dagaa Ilagala au Katonga, mchana sokoni Mwanga, jioni kumwogesha mume na kumlisha, kisha kulala usingizi usiotosha. Kiti kile hakirudi nyuma hata kwa mtu mwenye mwili mkubwa kama wake, kwa hiyo magoti yalikaa yamekunjwa siku nzima. Matairi ni madogo na kila shimo la barabara lilimfikia mgongoni. Fundi wake, Dismasi, mwenye gereji Mwanga, alikuwa akimwambia kwamba gari bado lina uhai ila mwenye gari anahitaji matengenezo. Mara ya kwanza Winfrida alicheka. Baadaye akawa anaitikia kwa kichwa tu.

Mwaka mmoja alikodiwa na mtafiti wa Kijapani, mmoja wa wale wanaopita Kigoma kwenda hifadhi ya Mahale kuchunguza sokwe, ampelekee mizigo kwenye boti. Mtafiti yule alisimama mbele ya mlango akatabasamu. Kwa Kiswahili kizuri alisema kwamba maandishi yale ni jina la mkulima na shamba lake la machungwa, na kwamba hata babu yake mwenyewe alikuwa na gari kama hili, la kubebea machungwa tu. Akaeleza kuwa kwao sheria hairuhusu libebe zaidi ya kilo mia tatu na hamsini. Winfrida alitazama shehena aliyokuwa ameishusha muda huohuo. Jioni alimsimulia Pastory, na Pastory alifurahi sana kusikia habari za machungwa. Yeye Winfrida alikuwa akifikiria zile kilo.

Kisha ikafuata miaka migumu zaidi. Maji ya ziwa yalipanda yakameza nyumba za mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, akawa anahamisha vitanda, mabati na kuku wa watu ambao wengi wao hakuweza kuwadai chochote. Ziwa lilipofungwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane, hapakuwa na dagaa wa kubeba, akabeba mchanga na matofali, mizigo inayoua gari na mtu. Alianza kusinzia kwenye usukani. Mara moja, akitoka Ujiji, alizinduka gari likiwa limeshaacha lami na linaelekea kwenye kibanda cha mshona nguo. Alisimama kwa umbali wa mkono kutoka kwenye cherehani. Mshonaji alimletea maji ya kunywa na kiti.

Siku hiyo aliamua kuuza.

Ugumu ulikuwa kwa Pastory. Tangu atoke hospitali, kila jioni gari likirudi, alikuwa akijikokota hadi nje, anasaidiwa kupanda, anakaa kwenye usukani. Hawashi. Anakaa tu, mkono wa kushoto juu ya usukani, akitazama ukuta wa choo cha jirani kana kwamba ni barabara. Alikuwa akisema, neno kwa neno, kwamba mkono ukinyooka ataanza na safari fupi. Winfrida hakuwahi kumpinga. Aliona ni jambo dogo la kumwachia mtu aliyepoteza mengi.

Jioni ile alipanda na kukaa kiti cha pembeni, wakawa wamekaa kama zamani. Akamweleza habari ya mshonaji na cherehani. Akamweleza kuhusu mgongo, kuhusu usingizi, kuhusu kwamba wakati mwingine anafika Mwanga na hakumbuki alivyopita barabarani. Pastory alisikiliza, kisha akasema kwamba wavumilie kidogo, yeye karibu atampokea.

"Baba Bariki," Winfrida akamwambia, "hutaendesha tena. Nilitakiwa kukwambia siku nyingi. Hutaendesha, na mimi nimefika mwisho."

Pastory alishuka mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kuliweza bila kushikwa, akaingia ndani. Siku zilizofuata alikula, aliitikia salamu zetu, lakini jioni hakutoka nje. Winfrida alikuwa akiegesha na kuketi humo peke yake kwa muda, kwa sababu kuingia ndani kulikuwa kazi kuliko kuendesha. Aliniambia kuwa katika siku hizo alimkasirikia mumewe, akajikasirikia kwa kumkasirikia, na mwisho akachoka hata hasira.

Jumapili baada ya misa alimkuta Pastory nje na ndoo ya maji, anaosha gari kwa mkono mmoja. Alikuwa amemaliza upande mmoja tu. Bila kugeuka alisema, "Anayenunua... alikute... safi." Winfrida alichukua kitambaa kingine akaenda upande wa pili.

Mnunuzi alipatikana kwa Nduwimana. Mdogo wake, Manariyo, alikuwa dereva wa kuajiriwa aliyetafuta gari lake mwenyewe. Walikuja wote wawili, wakakaribishwa viti uani. Manariyo alimsalimu Pastory, "Shikamoo, mzee," kisha badala ya kwenda kwa Winfrida aliyekuwa na ufunguo, akamuuliza Pastory huyohuyo gari hili likoje.

Pastory akaanza. Ilichukua muda mrefu, chai ikapoa. Alisema halili mafuta. Alisema linapita penye tope ambapo magari makubwa yanazama, kwa sababu ni jepesi, na likizama watu wanne wanalitoa. Alisema vipuri vyake vipo mpaka Mwanga na fundi yeyote analijua. Alisema pia mabaya yake: sakafu inaoza kwa chumvi ya samaki, joto la injini linampata dereva, kilima cha kutoka bandarini usikipande umejaza. Kisha akarudi nyuma hadi kwenye mashine za kufuma, baiskeli zenye injini na mwaka wa uhuru. Maneno mengine yalimkwama na uso ukamjaa jasho. Winfrida alifungua kinywa amsaidie, maana hadithi aliijua yote, lakini aliona Manariyo ameinama, viwiko magotini, anasubiri kila neno bila kutazama pembeni, akafunga kinywa.

Alipomaliza, Manariyo alisema, "Ahsante, mzee. Mimi nilikuwa nikiendesha tu, haya sikuyajua." Pastory akainua mkono wake wa kushoto, akamwashiria Winfrida ampe Manariyo ufunguo.

Winfrida alilala karibu wiki nzima baada ya hapo. Tulidhani anaumwa, tukapeleka uji, naye akatuambia tuache sufuria mlangoni. Kisha akapanga meza ya dagaa sokoni Mwanga, chini ya paa, ambapo mzigo unamfuata yeye. Manariyo ndiye anayemletea. Maandishi ya mlangoni ameyafunika kwa rangi ya bluu, na Pastory alilalamika siku moja tu.

Usidhani maisha yamekuwa mepesi. Mgongo wa Winfrida haukupona, na siku dagaa wakiadimika anakaa mbele ya meza tupu hadi jioni. Ukimuuliza kama analikumbuka gari, anasema hapana, kisha anafikiri kidogo, anasema hapana tena. Jumapili wanakwenda kanisani kwa miguu, Pastory na fimbo yake. Wanaanza safari mapema sana, watu wengine bado wanapiga mswaki, na bado wote tunawapita njiani. Niliwahi kumwambia Winfrida niwakodie bodaboda. Alikataa. Alisema mwendo ule unamtosha.