Jino la Mbele Hufuata Kosa

Kunguru wa Mji Mkongwe hawana haya hata chembe. Mgeni akigeuza shingo kutazama bahari, mkate wake umeshapaa. Ndiyo maana wenye mikahawa ya Shangani walimpokea Simai, mpiga kunguru, na bunduki yake ya upepo kama mtu anavyompokea daktari. Alipoanguka kwa kiharusi, upande wote wa kulia ukafa ganzi, nao walihuzunika kwelikweli: kwa ajili yake kidogo, kwa ajili ya mikate zaidi.

Mkewe Mwatum hakungoja kuonewa huruma. Miaka mingi alikuwa akifuatana naye juu ya mapaa, akimbebea mkoba, na zamani kidogo alijifunza kupiga kwa mchezo tu. Sasa akaishika kazi. Majirani wa Chukwani wakasema, wakasema, mpaka wakachoka wenyewe.

Tatizo lilikuwa moja. Bunduki ile ilimpeleka kulia. Mtu hulenga kwa jino dogo la chuma lililosimama kwenye ncha ya mtutu, akaliweka katikati ya mwanya ulio huku nyuma karibu na jicho. Simai alikuwa na namna yake ya kulaza shavu kwenye kitako, na jino lile alikuwa ameligonga kidogo kidogo mpaka likakubaliana na jicho lake, kisha akakwaruza alama chini yake kwa sindano. Kwa Mwatum, risasi ilitua shibiri nzima kulia kwa kunguru.

Dawa yake aliijua: kuligonga jino likae upya. Hakutaka. Aliona kulihamisha ni kutangaza kwamba mwenyewe harudi tena. Basi akawa analenga hewa kushoto kwa ndege na kumwachia Mungu, siku anapata, siku anakosa.

Lakini kibali cha bunduki kilikuwa kwa jina la Simai, na ofisi ikataka Mwatum apimwe. Jumatatu apige duara dogo mbele ya mkaguzi, Bwana Tamim. Akishindwa, bunduki inachukuliwa, na riziki ya nyumba inakwenda nayo. Duara halipigwi kwa kulenga hewa.

Jumamosi asubuhi akaenda nyuma ya banda la kuku na nyundo na kijiti cha shaba, maana shaba haiumizi chuma. Aliomba radhi kimoyomoyo. Risasi inakwenda kulia, kwa hiyo akaligonga jino liende kushoto, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili zake angefanya. Akalenga boksi lake la mazoezi, akapiga. Risasi ikalikosa boksi lote, ikalia kwenye bati la banda, kulia zaidi. Mwatum akakaa chini akalia. Jino ameliondoa kwenye alama ya mumewe, na shabaha nayo hana.

"Mwatum," sauti ikaita kutoka barazani.

"Naam."

"Njoo nayo."

Simai alikuwa ameegemea mto. Ulimi ulikuwa mzito, lakini maneno yalikuwa yake yale yale.

"Umeligonga kushoto."

"Nani kakwambia?"

"Bati la kulia. Siku zote nnasikia boksi."

Mwatum akajifuta kwa ncha ya kanga. "Nsamehe, baba Nadra. Sikutaka kuligusa. Nliona nkiligusa ntakuwa nshakuzika."

"Na mimi nlijua kama unakosa, nkanyamaza. Nliona nkikwambia ugonge, ntakuwa nshajizika mwenyewe." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Nyumba moja, wajinga wawili. Hebu lete nyundo. Jino la mbele hufuata kosa. Risasi ikenda kulia, na jino lipeleke kulia. Ukitaka kulirudisha katikati ya mwanya, mtutu wenyewe utageukia kushoto."

Akakishika kijiti kwa mkono wa kushoto, ule mzima, na Mwatum akagonga. Walipiga, wakagonga, wakapiga tena, Simai akimgombeza kila alipotumia nguvu, "Polepole, hupondi karafuu," hadi tundu zikaanza kukusanyika katikati ya boksi. Mwatum alijisikia mwepesi kama aliyetua mtungi.

"Hiyo sasa yako," Simai akasema, akageuza uso ukutani.

Jumatatu Mwatum alilala kifudifudi, akabana pumzi, na Bwana Tamim akaenda kulitazama duara mara mbili kwa kutoamini.

"Hongera, Bi Mwatum. Kibali chako kipo. Hapa hapana la zaidi."

"Lipo, Bwana Tamim. Nnataka kuomba kibali cha pili, nyumba ile ile."

"Cha nani?"

"Cha mume wangu."

Bwana Tamim akakwepesha macho. "Lakini mkono wake, bibi..."

"Wa kulia," akasema Mwatum. "Wa kushoto unashika. Mtutu ntamwekea juu ya mto. Mwalimu wake ntakuwa mimi."