Mimi Nilipewa Kitabu, Twalib Akapewa Wokmani

Harufu ya kijitabu kipya cha maelekezo haifanani na ya kitabu kingine chochote. Si ya vitabu vya shule, vilivyonuka jasho la watoto waliotutangulia, wala si ya juzuu za chuoni, zilizonuka ubani. Ina ukali wa wino na utamu wa plastiki, na ile niliyoijua mimi ilichanganyika na vidonge vya nondo, kwa sababu ilisafiri kutoka Dubai ndani ya sanduku la ami yangu Swaleh. Mpaka leo nikifungua boksi la simu au la pasi, kitu cha kwanza kutoa ni ile karatasi ya maelekezo, nikainusa. Mke wangu huniona nimepungukiwa. Hajui kwamba ninachonusa ni kinyongo.

Tulikaa Likoni, katika nyumba kubwa ya ukoo. Ami na familia yake walikuwa upande wa mbele, mimi na mama upande wa uani, tulikohamia baba alipofariki. Ami alifanya kazi kwenye meli za mizigo, na kabla ya safari moja aliniita mbele ya watu, akaahidi kwamba nikishika nambari ya kwanza darasani ataniletea wokmani, kile kicheza kanda kidogo cha kuning'iniza kiunoni ambacho enzi hizo mtu akikivaa barabarani hata mbuzi walimpisha. Nilishika nambari ya kwanza. Twalib, mwanawe, ambaye tulikuwa darasa moja, alishika nambari ambayo nyumbani kwetu haikutajwa kwa sauti. Ami aliporudi tulimzunguka sebuleni. Akafungua sanduku, akatoa boksi, akatoa wokmani ya buluu iliyokoza, akamfunga Twalib kiunoni na kumvika hedifoni kichwani kama bwana harusi anayevikwa kilemba. Kisha akaniona nimesimama. Akachungulia ndani ya boksi, akatoa kijitabu. "Wewe si msomi? Haya, shika chako. Huyu asiyependa kusoma, mwache asikilize." Sebule nzima ilicheka. Mama hakucheka. Mjane aliyekaa kwa shemeji yake bila kodi hana pa kusemea.

Nilikisoma kijitabu kile kama wakili anayetafuta kosa la adui. Kiliandikwa kwa Kiingereza na lugha nyingine ambazo hata herufi zake sikuzijua, nami nilikaa uani na kamusi ya shule, nikikwangua neno moja baada ya jingine huku mama akikuna nazi kando yangu. Sehemu niliyoipenda zaidi ilimfundisha mwenye chombo namna ya kukifaidi. Nilijifunza kukaza kanda iliyolegea kwa kalamu kabla ya kuitia, kutoiacha karibu na spika, na kuondoa betri chombo kisipotumika. Palikuwa na onyo la kutofungulia sauti kubwa ili kulinda masikio, na nakumbuka niliapa kulifuata, mimi ambaye masikio yangu yalikuwa salama kabisa. Kufikia mwisho wa likizo hapakuwa na mtu Likoni aliyeijua wokmani kunishinda, wala aliyekuwa mbali nayo kunishinda, maana Twalib alikuwa ameapa kwamba nikiigusa ataniumbua kwa babake.

Sasa, pwani yetu ilikuwa na sayansi yake kuhusu betri, tulizoziita mawe. Mawe yakichoka hayakutupwa. Yaliumwa kwa meno mpaka yakabonyea, kisha yakaanikwa juu ya mabati, jua liyatie nguvu tena. Kila nyumba ilifanya hivyo kwa redio na tochi, na kweli, yalipata uhai kidogo. Twalib akafanya hivyo kwa wokmani. Siku moja nilimkuta barazani akiyatafuna mawe kama miwa, ami amekaa pembeni na kahawa yake pamoja na majirani. Nikasimama, nikafungua kijitabu, nikawasomea na kuwafasiria: betri zisibonyezwe, zisitiwe kwenye joto, zitavuja na kuharibu chombo.

"Hicho kitabu kiliandikwa na watu wa baridi," akasema ami. "Jua la Likoni hawalijui."

"Profesa wa mawe!" Twalib akadakia, na jina hilo likanifuata mpaka msikitini.

Mawe yakavuja. Ukoko wa kijani ukatanda kwenye vyuma, na wokmani ikaanza kuimba kwa sauti ya mzee anayepanda ngazi, kisha ikanyamaza. Ami alinitumia mtu niende na kitabu changu. Nilichukua muda kuoga. Nilivaa kanzu ya Idi. Nikamsomea tena lile onyo, taratibu, kana kwamba hajawahi kulisikia, ndipo nikafika kwenye dawa: vyuma vipanguswe kwa pamba iliyochovywa katika alkoholi.

"Astaghfirullah! Pombe, ndani ya nyumba hii?"

"Ni ile spiriti ya duka la dawa, ami. Ile tunayopakwa hospitali kabla ya sindano."

"Hospitali ni hospitali. Hapa ni kwangu." Akaagiza mafuta ya nazi, akapaka mwenyewe, vyuma, vigurudumu na kila kilichoingilika kidole. Wokmani haikulia tena. Ikabaki juu ya kabati, inanuka kama kichwa cha mtoto aliyetoka kusukwa. Niliipita kila siku kwa furaha ambayo sijaipata hata nilipotunukiwa shahada.

Siku hizi wanangu wana muziki wote wa dunia ndani ya simu, na simu yenyewe huja na kipande cha karatasi chenye michoro miwili mitatu. Hawasomi hata hicho. Wanagusa, wanafuta, wanagusa tena, na chombo kinawasamehe. Nami nakiri ni maisha mepesi kuliko yetu, ingawa sioni mtoto atapata wapi hasira ya kumfikisha chuo kikuu.

Idi iliyopita ami alikuja kula kwangu Kisauni, mzee sasa, mwenye fimbo na heshima zake, Twalib akiwa naye. Wageni wakaisifu maktaba yangu. Ami akatikisa kichwa kwa fahari. "Huyu ni mimi niliyemsomesha. Alishika nambari ya kwanza, nikamletea wokmani kutoka Dubai." Wageni wakaitikia mashallah.

Nikaweka tonge chini. "Ami, wokmani ulimpa Twalib. Mimi ulinipa kitabu chake, mkanicheka."

Twalib, ambaye sasa kipara chake kinang'aa kuliko sinia, hakuinua macho. "Ni kweli, baba. Nawe ndiye uliyeipaka mafuta."

Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Mimi, mtu mzima wa mvi na mihadhara, nilikuwa nimemuaibisha mzee siku ya Idi kwa ajili ya kidude cha kuimba, na moyo wangu ulikuwa mweupe kama pamba.

"Mambo ya utoto hayo, mwanangu," ami akasema polepole. "Nisamehe basi."

"La, ami," nikamjibu, nikisogeza sinia karibu yake. "Lakini karibu, ongeza wali."