Sifuri Si Mmoja

Mke wa mchungaji alizikwa Jumatano. Wiki tatu baadaye fomu ikaja.

Ilikuwa ile ya kila mwaka kutoka makao makuu. Majina ya viongozi wote, umri, mwaka wa kubatizwa, na mwisho kabisa nafasi fupi: Mke. Katibu wa kanisa aliiweka mezani akainyoosha kwa kiganja. Alikuwa karani mstaafu, na watu walimwita Muhuri, maana muhuri wa kanisa haukutoka mfukoni mwake hata akienda msibani.

"Baba Mchungaji, pole tena."

"Asante."

"Sasa hapa, pa mke."

"Andika jina lake."

"Baba, hapa wanataka aliye hai."

"Wameandika wapi?"

Muhuri akasoma mbele, akageuza, akasoma nyuma. Haikuandikwa. Lakini karani hasomi kilichoandikwa tu, husoma na kile atakachoulizwa na mkubwa.

"Kanuni ya Nane, Baba," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Kiongozi awe mume wa mke mmoja."

"Kwani mimi nina wawili?"

"Hapana, Baba. Lakini na sifuri si mmoja."

Maneno yale mchungaji aliyajua. Yalikuwa yake.

Miaka sita nyuma fundi viatu alikuwa mzee wa kanisa. Ndiye aliyeshika funguo, akafungua mlango kila Jumapili kabla jua halijapanda. Mkewe akafariki. Kwenye kikao mtu mmoja akauliza Kanuni ya Nane inasemaje hapo. Siku hizo mchungaji alikuwa na mke nyumbani, chai ya moto kwenye chupa, na jibu la kila swali. Alisimama, akainua kidole. "Ndugu zangu, wawili si mmoja. Na sifuri si mmoja." Watu walicheka. Ilikuwa hesabu nzuri. Fundi akatoa funguo, akaziweka mezani, akaenda kukaa benchi la nyuma.

Jioni ile mke wa mchungaji alimwuliza, "Mume wangu, nikitangulia mimi, utakuwa mume wa nani?"

Alimwambia ale, chakula kinapoa.

Kikao cha kwanza kuhusu fomu kilikaa Jumamosi, kwenye chumba cha nyuma ya mimbari. Meza yake ina mguu mfupi, umewekewa kitabu cha nyimbo kilichochanika. Mwenyekiti wa kina mama, fundi cherehani, alifika na habari njema.

"Baba, kuna dada mmoja. Nesi. Mjane, mtulivu, hana maneno."

"Mama, mke wangu ana wiki tatu kaburini."

"Najua, Baba. Ndiyo maana leo sisemi. Nitasema Jumamosi ijayo."

Walikubaliana hivi: fomu inaondoka Jumatatu ya wiki ya pili. Mchungaji awe na mchumba wa kuandikwa, au aachie mimbari. Walifunga kwa sala. Mchungaji ndiye aliyeombwa kusali.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mtu aliyejua vitabu sitini na sita vya Biblia kwa mpangilio wake hakujua chumvi inakaa kopo gani. Alifungua la sukari, la majani ya chai, la vifungo. Miaka ishirini alikuwa akiwaambia wafiwa, "Jipe moyo." Sasa wakamrudishia. Jipe moyo, Baba. Jipe moyo. Alishikana nalo mkono mlangoni kila Jumapili, akaona ni neno kama sabuni iliyokauka: harufu ipo, povu hakuna.

Akitafuta chumvi ndani ya mkoba wa mkewe, kwa kuwa pengine pote alishamaliza, alikuta kipande cha boksi chenye namba arobaini na moja. Aliijua mikato ile. Ni ya fundi viatu. Kila ukimpelekea kiatu hukukatia nusu ya kipande, nusu nyingine anaifunga kwenye kiatu.

Mchungaji alikizungusha mkononi siku mbili. Siku ya tatu akaenda.

Kibanda kilinuka gundi na ngozi. Viatu vilining'inia kwenye misumari, kila kimoja na mwenzake.

"Hodi."

"Karibu, Mchungaji. Kaa."

Akakaa kwenye kigoda. Akatoa kipande. Fundi hakuangalia namba. Alinyoosha mkono juu, akashusha viatu vyeusi vilivyofungwa gazeti.

"Vilikuwa tayari kabla ya msiba."

"Mbona hukuvileta?"

"Ungeviweka wapi?"

Fundi akafungua gazeti, akageuza kiatu.

"Anakanyagia kisigino cha kushoto. Nimemwongezea ngozi."

"Alikuwa anakanyagia."

"Kiatu hakijui neno alikuwa."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Fundi akachukua kiatu kingine, akaweka misumari midomoni, na mchungaji akaona amepata nafasi ya kuuliza bila kujibiwa upesi.

"Wewe hukuoa tena?"

Fundi akatema misumari kiganjani. "Nina mke."

"Mkeo alifariki, mzee wangu. Nilimzika mimi."

"Ndiyo. Ulizika vizuri." Akapiga msumari mmoja. "Ni yule yule. Mmoja. Nani kamtoa kwenye hesabu?"

Mchungaji alijua ni nani. Alitafuta lile neno la nisamehe, alilowafundisha watu wazima na watoto, akalikosa kama chumvi.

"Pole kwa siku ile," akasema.

"Nimepoa," fundi akasema. "Chukua viatu."

Jumamosi ya pili wote waliwahi. Fundi cherehani alikuja na picha ya nesi ndani ya bahasha. Kabla hajaitoa, mchungaji aliweka funguo zake mezani.

"Kanuni ni kanuni. Sifuri si mmoja, nilisema mwenyewe. Kesho nitakaa nyuma. Nani anahubiri?"

Mwenye mashine ya kusaga, mwenyekiti wa wazee, alimtazama Muhuri. Muhuri alitazama dari. Mwenye mashine alikuwa na harusi ya binti yake baada ya wiki mbili, na mwenye ruhusa ya kufungisha ndoa pale alikuwa mmoja tu.

"Katibu," alisema, "hebu isome tena hiyo kanuni. Isome vizuri."

Muhuri akavaa miwani. Akasoma. Akasoma tena, polepole, na safari hii Mungu akamfunulia.

"Mimi naona, wazee, kanuni inakataza kuzidi. Haikatazi kupungua."

"Amina," wakasema wote. Bahasha ikarudi mkobani. Haikuwa imepita hata robo saa.

"Kumbe tafsiri hiyo ilikuwepo?" mchungaji akauliza.

"Ilikuwepo, Baba. Ila ilikuwa haijahitajika."

"Basi ianze na fundi viatu. Andika jina lake kabla ya langu."

Muhuri akaandika jina la fundi. Umri akakisia. Akafika mwisho, kalamu ikasimama.

"Na mkewe?"

Wakatazamana. Mama yule alifagia kanisa hilo miaka kumi na moja. Alipanga maua, alifua vitambaa vya meza waliyokuwa wameegemeza viwiko. Wote walimwita mama fundi. Mchungaji aliyemzika alikuwa amesoma jina kwenye karatasi, na karatasi haikuwepo.

"Nitamwuliza fundi mwenyewe," akasema.

Jumapili, ibada ilipokwisha, hakwenda mlangoni kupokea jipe moyo. Alikwenda benchi la nyuma na fomu na kalamu. Alikiri kwamba jina la mama fundi halijui. Fundi aliiangalia kalamu, hakuipokea.

"Andika wewe. Mimi sikusoma. Nitalisema polepole."

Alilisema polepole. Mchungaji aliandika juu ya goti, herufi kubwa.

"Na la mkeo?" fundi akauliza.

Akaandika na la mkewe. Kisha akampa funguo za kanisa.

"Hapa nyuma si pabaya," fundi alisema. "Mahubiri yanafika yameshapoa, yanalika." Lakini funguo alizitia mfukoni.

Baada ya mwezi makao makuu walirudisha nakala. Ilikuwa na neno moja la rangi ya zambarau: Imepokelewa. Haikuonekana kama kuna aliyeisoma. Muhuri aliitia kwenye faili kwa heshima zote.

Fundi cherehani ndiye hakukata tamaa. Alimkuta mchungaji barazani kwake, anapepeta mchele, anamwaga nusu.

"Baba, yule dada nesi bado anauliza hali."

"Mwambie namshukuru. Mwambie nina mke."

"Baba!"

"Ndiyo, mama. Hata viatu vyake vimeshatoka kwa fundi."