Kibao cha Dakika Ishirini

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka michache baada ya uhuru, mkuu wa hifadhi alinipa kopo la rangi nyeupe, brashi mbili na karatasi yenye mstari mmoja: "Kituo cha Kutazamia Bonde, dakika 20." Nilikuwa mwandishi wa vibao kwenye lango la mlima, juu ya Naro Moru, mwanamke pekee katika karakana. Ubao wa mwerezi tuliupaka kwanza rangi ya msingi. Isipokauka vizuri, mvua ya mlimani huibandua yote. Herufi tulizipaka kupitia stensili, yaani bati lililokatwa matundu ya herufi.

Wiki ya pili nilipanda kwenda kupigilia kibao kingine huko juu. Nilichukua saa moja na nusu, na mimi nimekulia kwenye vilima vya Endarasha.

"Bwana Mkuu, hizi dakika ishirini alizipima nani?"

"Mimi mwenyewe."

Dereva wake ndiye aliyenifumbua macho. Landrova ilimpeleka mkuu hadi juu kwa barabara ya askari wa hifadhi, naye akateremka mbio kwa miguu akitazama saa. Niliporudi kumwambia, alicheka. "Wewe kazi yako ni kuandika. Mambo ya kupima tuachie sisi."

Basi miaka minne wageni walinifokea mimi, kana kwamba ndimi niliyeurefusha mlima.

Kisha akaja mwalimu mstaafu kutoka Nyeri mjini, yeye na mkewe. Mchana mvua ilinyesha, na mke akashuka peke yake akilia.

"Mzee amekaa chini huko, haongei! Kibao imesema dakika ishirini, ati hata sweta tuliacha kwa gari!"

Nilipanda mbio na wapagazi wawili. Tulimkuta midomo imekuwa ya buluu. Tulimfunga blanketi, tukambeba hadi kwenye gari la hospitali. Alipona, lakini sikungoja habari hizo. Jioni ile ile nilifungua kopo nikaandika: "Saa moja na nusu. Beba sweta."

Asubuhi mkuu alisimama mbele ya kibao. "Nani amekuruhusu?"

"Hakuna. Twende tupande, Bwana Mkuu. Kwa miguu."

Wapagazi walikuwa wakitazama, hakuweza kukataa. Kwenye mianzi alikaa juu ya gogo, akihema.

"Tumefika nusu?"

"Bado."

"Andika saa mbili," akasema.

Alihamishwa. Aliyemfuata aliniambia siku ya kwanza kwamba kibao kinafukuza watalii, niandike dakika arobaini. Nilimpa brashi. "Andika wewe, Bwana Mkuu, na jina lako chini." Aliirudisha kwenye kopo.

Sasa nimestaafu, lakini hapa Naro Moru vijana bado hunisimamisha barabarani. "Mama, ni dakika ngapi mpaka juu?"

"Kwanza nionyeshe viatu vyako," nawaambia.