Mizani Chini ya Trela

Juzi nilipita mbele ya gereji moja chini ya reli, hapa Tottenham, na harufu ya grisi ikanisimamisha. Nilikuwa njiani kwenda kwenye usaili. Nilikuwa nimetoka nyumbani mapema kupita kiasi, baada ya kubadilisha viatu na kurudia vilevile vya kwanza. Harufu ile ni ya mikono ya Baba, kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa.

Mwaka ule Mama alitaka kitu kimoja tu: kuamka asubuhi asikie bahari kabla hajafumbua macho. Alikuwa amekwisha acha kazi yake ya kutunza wazee. Mimi niliambiwa ni uchovu. Baba, dereva wa basi, akanunua kwa mwenzake wa kazini trela dogo la kulala, lenye vitanda na jiko la gesi, ili ampeleke.

Siku ya kulijaribu, gari letu lilikaa kitako kama kuku anayetaga, taa za mbele zikatazama madirisha ya ghorofani. Tulienda Walthamstow na kurudi. Kila tuta lilirusha pua ya gari juu na kuibamiza chini, na Mama, aliyekaa mbele, alishikilia mlango kwa mikono yote miwili. Tulipofika nyumbani hakuweza kushuka bila kushikwa.

"Tatizo ni hiki kiungio cha trela," Baba alisema. Alinieleza kwamba kuna vya aina nyingine, vyenye vyuma viwili virefu vinavyopinda kidogo. Huchukua uzito unaokandamiza nyuma ya gari na kuyagawia magurudumu ya mbele. Vyuma vikiwa laini mno havisaidii kitu. Vikiwa vigumu mno, kwa trela dogo kama letu, gari litaruka vibaya zaidi. Kwa hiyo lazima upime kwanza. Akaingia bafuni, akatoka na mizani ya Mama.

Mizani ile Mama aliipanda kila Jumatatu, kwa agizo la hospitali. Kila alipoisoma na kushuka, uji wake uliachwa ukapoa mezani.

Baba aliiweka chini ya shingo ya trela, akasimamisha kipande cha mbao juu yake, akainama kusoma. Kiangazi chote kikawa hicho. Alipima trela likiwa tupu. Alipima likiwa na maji. Alipima baada ya Mama kupakia sufuria kubwa, unga, na mchele wa wageni.

"Wageni gani, Mama Neema? Samaki?"

"Siendi mahali mikono mitupu mimi," Mama alijibu, akaongeza vitunguu.

"Haya, basi napima upya."

Jirani yetu Papa Amani, Mkongomani tuliyesali naye kanisa moja, alikuja kuegemea ukuta na kumcheka. "Ndugu yangu, unachagua chuma ao unachagua bibi?"

"Bibi nilichagua haraka. Ona sasa anavyonijazia vitunguu."

Mama alicheka mpaka akajishika mbavu.

Jumatatu zilipofika aliulizia mizani. "Bado iko kazini," Baba alimwambia, na Mama akarudi mezani kunywa uji. Niliona mikono yake ikipotea ndani ya sweta, nikamwambia Baba, kwa Kiingereza changu cha shule, achague chochote, chochote tu, twende. Alinipaka grisi puani, akarudi chini ya gari.

Kiungio kilifika kiangazi kikielekea ukingoni. Baba na Papa Amani walikifunga, na gari likakaa sawa, taa zake zikatazama barabara. Safari ikapangwa iwe Jumamosi. Mama akashushwa ngazi akiwa amebebwa kwenye kiti, tukazunguka mtaa kujaribu tu. Juu ya matuta yaleyale alifumba macho.

"Baba Neema," alisema, "ni kama tumesimama."

Jumamosi tulikuwa hospitali, na Mama hakurudi nyumbani. Trela lile hatukulivuta tena.

Miaka yote hii niliamini kwamba Baba alituchelewesha kwa kusitasita, na kwamba kusitasita huko ndiko nilikorithi. Juzi, baada ya usaili, nilimpigia simu nikamuuliza ilikuwaje achukue kiangazi kizima kuchagua chuma.

Nikasikia akipunguza sauti ya redio.

"Nilichagua siku ileile, mwanangu," alisema. "Kupima kwa kweli nilipima mara moja tu. Hapa hawakuwa na kiungio cha kulifaa trela lile, ikabidi kije kwa meli."

Sikumuuliza kwa nini, basi, mizani ilikaa nje muda wote ule, na kwa nini alituacha tumcheke. Uzito wa trela alikuwa ameshaujua. Ule mwingine, wa Mama mwenyewe, ndio ambao hakutaka ausome. Nilibaki na simu sikioni, nikaliona tena bakuli la uji la Jumatatu, tupu, kijiko kimelala ndani yake.