Dakika Saba za Solfrid Mlangoni

Uwakilishi wa usalama Solfrid Aarvik hakuuomba. Siku ya mkutano wa wafanyakazi alichelewa dakika kumi kwa sababu ya mvua, akaingia akijipangusa miwani, akakuta wenzake wameshampigia kura.

"Hongera, Mama Marufuku," alisema Odd-Arne Tveit, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Alikuwa na miaka hamsini na moja. Kwa zaidi ya nusu ya umri huo alikuwa akitayarisha sampuli za damu na tishu katika maabara ya utafiti mjini Bergen, kazi ya watu wenye subira na mikono isiyotetemeka. Jukumu jipya alilishika kama alivyozishika sampuli zake. Akikuta mtu na kikombe cha kahawa mezani pa kazi, anamtoa nje na kikombe chake. Akikuta nywele ndefu zinaning'inia karibu na moto, anatoa kibanio mfukoni. Watu walimtania, wakanung'unika, kisha wakavaa miwani ya kinga.

Sheria ya Norwe humpa mwakilishi wa usalama uwezo mkubwa. Akiona hatari ya kuua, husimamisha kazi palepale, na mkuu wake hana ruhusa ya kuirudisha mpaka wakaguzi wa serikali waseme. Kwa miaka sita Solfrid hakuwahi kuutumia uwezo huo. Fomu yake ilikaa kwenye droo, nyeupe kama ilivyochapwa.

Chumba alichokihofia zaidi kilikuwa chini kabisa ya jengo. Mle mlikuwa na mitungi minne mikubwa ya chuma, na ndani yake sampuli zimezama katika naitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa maji. Naitrojeni haina rangi wala harufu. Ikivuja hugeuka hewa, huisukuma oksijeni nje ya chumba, na mtu aliyemo huanguka kabla hajajua kama kuna tatizo. Kwa hiyo kando ya mlango, upande wa nje, kulikuwa na kioo kidogo chenye tarakimu za asilimia ya oksijeni. Ishirini na moja maana yake hewa ni nzima. Chini ya kumi na tisa, haingii mtu. Ndani kulikuwa na king'ora.

Januari ya mwaka wa saba king'ora kile kilianza kulia ovyo, mara tatu mara nne kwa siku, bila sababu. Fundi akaja, akakikatia umeme, akaahidi kurudi na kipya. Wiki mbili zikapita. Jumanne moja Solfrid akapanda kwa mkuu wa idara, Berit Sunde, na fomu mkononi.

"Chumba cha chini kifungwe mpaka king'ora kitengenezwe," alisema.

"Solfrid, mwenzangu, mle kuna sampuli za miaka kumi na miwili," alijibu Berit. "Mitungi isipojazwa zinaoza zote. Kioo cha nje si kinafanya kazi?"

"Kinafanya."

"Basi watu wakisome kabla ya kuingia. Fundi kaniahidi Jumatatu. Nipe mpaka Jumatatu tu, nakuomba."

Wiki ile Solfrid alikuwa ameshagombana na watu wawili kwa ajili ya glavu. Alikuwa amechoka kuona watu wakishusha pumzi kila anapoingia chumbani. Aliitazama fomu, akaikunja.

"Haya, Jumatatu," alisema. Akaenda kubandika karatasi kwenye mlango wa chini: SOMA KIOO KWANZA.

Alhamisi yake, saa nne na nusu asubuhi, alishuka kuchukua boksi la glavu stoo. Kupita mbele ya mlango ule, jicho lake likaenda kwenye kioo kwa mazoea. Tarakimu zilikuwa nyekundu. Tisa.

Akachungulia kwenye kidirisha cha mlango. Ukungu mweupe ulikuwa umetanda sakafuni, na ndani ya ukungu, karibu na ukuta wa kushoto, aliona soli mbili za viatu vya mtu aliyelala. Viatu vya Jostein Fossheim, mtafiti wa ghorofa ya pili, kijani na kamba za njano. Boksi la sampuli lilikuwa limepinduka kando yake. Bila shaka aliingia na mzigo mikono miwili, macho kwenye mzigo.

Solfrid alibonyeza swichi ya feni ya dharura. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshafika kwenye kitasa. Hatua nne tu. Angeweza kuzihesabu. Hatua nne kwenda, nne kurudi, pumzi moja ndefu. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe, yale aliyowaambia wafanyakazi wapya kila mwaka huku wakipiga miayo: kwenye ajali za namna hii, anayeingia kuokoa ndiye maiti ya pili.

Akakiachia kitasa. Akapiga simu zimamoto.

"Dakika saba," ilisema sauti ya mwanamke. "Kuna mtu mwingine ndani?"

"Mmoja tu."

"Asiingie mwingine."

Hajaweka simu mfukoni, Odd-Arne akatokea kwenye ngazi akipiga mluzi. Alikuwa anamfuata Jostein wakanywe kahawa. Urafiki wao ulikuwa wa miaka ishirini. Yeye ndiye aliyesimama kando ya Jostein siku ya harusi yake. Tena alikuwa mtu wa kujitolea katika kikosi cha kuokoa watu milimani. Alimwona Solfrid, akaziona zile tarakimu, akachungulia. Mluzi ukakatika.

"Toka hapo mlangoni."

"Haingii mtu, Odd-Arne. Zimamoto wako njiani, feni inafanya kazi."

"Toka, nimesema! Nabana pumzi, sekunde ishirini, namburuta natoka naye."

"Ana kilo tisini. Ukimwinua utavuta pumzi, utake usitake. Ukivuta mbili unalala naye palepale."

"Mimi nimewafukua watu kwenye theluji!" alipaza sauti. "Wewe umemwokoa nani maishani mwako? Umeokoa vikombe vya kahawa!"

Solfrid aliegemeza mgongo mlangoni, akashika kitasa nyuma yake kwa mikono miwili. Odd-Arne alimkamata bega, akamvuta. Alikuwa mwanamume wa nguvu, na maumivu yalimpanda Solfrid mpaka shingoni. Hakuachia.

"Nivunje ukitaka," alisema. "Huingii."

"Akifa, umemuua wewe. Unanisikia? Wewe!"

"Nakusikia."

Kioo kikabadilika. Kumi. Solfrid alikitaja kwa sauti, kama mtu anayemsomea kipofu. "Kumi. Inapanda." Odd-Arne alimwachia, akaanza kupiga kidirisha kwa kiganja. "Jo! Jostein! Amka bwana, amka!" Viatu vya kijani havikusogea. Feni ilikuwa ikinguruma ndani ya ukuta. Kumi na moja ilikawia mno, Solfrid akadhani kioo kimekufa. Alitaka kufungua. Asingeweza kumwambia mtu jinsi alivyotaka.

"Kumi na moja," alisema. Halafu, baada ya muda usio na mwisho, "Kumi na mbili."

Kwenye kumi na tatu wakasikia buti kwenye ngazi. Watu wawili wenye mitungi ya hewa mgongoni walimsogeza Solfrid kando, wakaingia, wakatoka na Jostein kabla Odd-Arne hajapiga magoti. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Mmoja wao alimwekea barakoa, akamwekea vidole shingoni.

"Mapigo yapo," alisema.

Jostein alilala siku mbili hospitalini. Alipoamka alimtambua mkewe, lakini jina la mke huyo halikumjia. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, na maneno mengi ya kawaida yalikuwa yamemtoka.

Wakaguzi walikuja na kukuta bomba limeganda na valvu yake imebaki wazi. Mmoja wao, kijana mwenye kalamu nyingi mfukoni, alimhoji Solfrid.

"Kuna jambo liandike," alimwambia. "Jumanne nilikuwa na fomu mkononi. Nilikubali kungoja mpaka Jumatatu."

"Kisheria dhamana ni ya mkuu wa idara, mama."

"Sheria naijua kuliko wewe. Nakuambia nilichokifanya mimi."

Kijana akaandika. Berit Sunde aliondolewa ukuu wa idara mwezi wa nne, na siku ya kuondoka alimkumbatia Solfrid.

Odd-Arne hakumsemesha Solfrid kwa wiki kumi na moja. Akimkuta chumba cha chakula, anabeba mkate wake na kwenda kuula kwenye ngazi. Kisha ripoti ikatoka. Jostein alikuwa ameanguka chini ya tundu la kuingizia hewa safi, kwa hiyo feni ilipowashwa, hewa ya kwanza ilimfikia yeye. Kati yake na mlango, pale ambapo mtu yeyote angelazimika kuinama ili kumburuta, oksijeni ya sakafuni, ambayo kioo hakikuipima, ilikuwa haijafika hata asilimia sita.

Siku ya pili yake Odd-Arne alivuta kiti, akaketi mbele ya Solfrid.

"Nimeisoma," alisema.

"Enhe."

"Bega vipi?"

"Linauma mvua ikinyesha."

"Bergen hii? Si kila siku basi." Hakucheka mwenyewe, wala Solfrid hakucheka. Odd-Arne aliupekua mkate wake wa jibini. "Kila usiku naota niko pale mlangoni. Na kila usiku nakupiga, naingia."

"Na mimi naota nimekufungulia," alisema Solfrid.

Walikula wakamaliza.

Mwaka uliofuata walimchagua tena, safari hii akiwepo, na hakuna aliyecheka. Jostein alirudi kazini kwa asubuhi tatu za wiki, kupanga kumbukumbu za zamani. Solfrid humpitia kila siku anapokuwepo. Jostein huanza sentensi, hufika mahali neno likagoma, hufumba macho akalitafuta. Daktari wake alisema wasimsaidie, wasubiri lije lenyewe. Wengi hawawezi, huona vibaya, wakalitamka kabla yake. Solfrid huegemea kabati, mikono nyuma, akangoja.