Ulalo wa Kifudifudi

Mie hakuna kitu cha kunishtua. Nilianza kwa kubeba magunia Kurasini, darasa la saba sikulimaliza, na leo nina malori manne na ghorofa Goba. Nimechomewa lori na mzigo wake, nikasimama tena. Kwa hiyo mdogo wangu alipowekewa mashine ya kupumulia kwa homa ya mapafu, sikulia. Nilimwambia daktari, "Sema unataka nini, pesa ipo."

Daktari, binti wa umri wa mwanangu, hakutaka pesa. Alitaka kumlaza mgonjwa kifudifudi.

"Mapafu yameziba upande wa mgongoni, baba. Akilala kifudifudi, hewa itafika kule. Ila inasaidia ikifanywa mapema. Tukisubiri azidiwe, tutamgeuza bure."

"Mgeuze sasa hivi."

Mke wa mgonjwa akanivuta pembeni. "Shemeji, ba'mkubwa ajue kwanza. Bila yeye mie siweki saini."

Ba'mkubwa ni kaka wa marehemu baba. Anakaa Temeke, na hajawahi kuninunulia hata kipande cha sabuni, lakini kwetu hazaliwi wala hafi mtu bila kauli yake. Akaja na kanzu yake na fimbo, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Kifudifudi? Huo ulalo wa watu wa motoni. Mwanangu akikata roho uso uko chini, nani atamtamkisha shahada? Wewe na malori yako?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Nilizoea kuamini kila mtu ana bei yake, na bei za watu nazijua.

"Ba'mkubwa, mwaka huu nakupeleka Makka."

"We mtoto, unaninunua?"

"Na nyumba yako naiezeka upya, bati zima."

Akakaa, akaweka fimbo mapajani. "Sasa ndiyo hageuzwi kabisa."

Siku hiyo ikapita hivyo. Kesho yake mgonjwa alikuwa amebadilika rangi, na daktari haniangalii usoni. Ba'mkubwa akalegeza kidogo: atamsikiliza sheikh wake wa Mbagala, huyo tu. Nikampigia sheikh palepale, nikaweka sauti ya nje. Akasema inaruhusiwa.

"Dini ya kwenye simu siitaki," alisema ba'mkubwa. "Aje tuonane."

Malori yangu yote yalikuwa safarini, gari langu dogo liko gereji. Nikatuma teksi. Sheikh akaja mchana, hata maji hakunywa. "Mgonjwa ana dharura, mzee wangu. Mgeuzeni."

"Basi, mgeuzeni," alisema ba'mkubwa, kama mtu anayekaribisha chai.

Wauguzi wakamgeuza polepole, mmoja kashika kichwa na mpira wa mashine. Daktari akaitazama skrini muda mrefu. "Tumechelewa, baba."

Baadaye walimrudisha chali. Akafa uso uko juu, ba'mkubwa akamtamkisha shahada kama alivyotaka. Msibani watu walimsifu kwa msimamo wake. Mie nilikuwa jikoni nahesabu sufuria za pilau nililolipia.

Makka hakwenda, bati lake bado lile lile la kutu. Kilichomfanya akubali ni ile teksi, kumleta sheikh na kumrudisha Mbagala. Dereva alitaka arobaini, nikabishana naye mpaka akashuka: shilingi elfu thelathini na tano.